Foklifti ya Umeme au ya Dizeli? Anza na Paa

Kontena la futi 40 lina njia moja ya kuingilia, na hiyo hiyo ndiyo ya kutokea. Ndani lina urefu wa mita 12 hivi na upana usiozidi mita 2.35. Likishinda juani Kurasini, jirani na bandari ya Dar es Salaam, mwezi wa Januari, kuta zake za chuma hazishikiki. Foklifti ya tani 3 yenye injini ya dizeli inapanda rampu, inapeleka mzigo hadi mwisho, inarudi nyuma, inachukua mwingine, inaingia tena. Kila ikiingia inaacha moshi. Moshi huo hauna pa kutokea ila mlangoni, na kabla haujafika huko unawapitia watu wawili watatu walio ndani: anayepanga, anayegongomea mbao ili shehena isihame baharini, anayehesabu. Wamejifunga vitambaa puani. Kitambaa hakizuii masizi ya dizeli.

Ningependa mjadala wa foklifti katika jiji hili uanzie ndani ya kontena hilo. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam akitaka kununua mashine, huanza kuuliza bei, kisha umeme kukatika, kisha upatikanaji wa spea. Ni maswali ya haki na yote yana majibu. Lakini yanatanguliwa na swali jingine: mashine hiyo itafanya kazi chini ya mbingu au chini ya paa? Juni 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, kundi moja na moshi wa sigara na asbesto. Ushahidi mzito uliozingatiwa ulitoka kwa wachimbaji wa migodini, watu wanaoshinda na mashine za dizeli mahali hewa isipozunguka. Kontena, na ghala lenye mlango mmoja na madirisha yaliyozibwa kwa kuogopa wezi, viko karibu zaidi na mgodi kuliko na uwanja wa bandari.

Bandari ya Dar es Salaam ilibebwa na migongo ya watu kabla haijabebwa na mashine. Hadi katikati ya miaka ya 1950 meli kubwa zilitia nanga majini, matishali yakazifuata, makuli wakapakua. Ndio hao waliogoma Septemba 1947 wakidai ujira, na mgomo wao ukafuata reli hadi bara. Kisha mwaka 1956 ukaja na mambo matatu ambayo hakuna aliyeyapanga yaende pamoja. Machi, kampuni ya Toyota huko Japani ilitoa foklifti yake ya kwanza. Aprili, meli Ideal X ya Mmarekani Malcom McLean ilisafirisha makontena 58 kutoka Newark hadi Houston. Oktoba, Princess Margaret wa Uingereza alifungua gati za kina kirefu hapa Dar es Salaam. Leo gati, kontena na foklifti vimekutana Kurasini, na foklifti yenyewe mara nyingi ni mtumba kutoka Japani, imekuja na maandishi ya Kijapani ubavuni ambayo hakuna aliyejali kuyafuta. Kwa anayedhani kwamba umeme ndio mgeni katika kazi hii, magari madogo ya betri ya kubebea mizigo yalikuwa yakitumika katika stesheni ya reli ya Altoona, Pennsylvania, tangu 1906, kabla foklifti haijabuniwa.

Waendeshaji wa bandari wenyewe wamebadilika. DP World ilisaini mkataba wa miaka 30 Oktoba 2023, na Mei 2024 kampuni ya Adani ikachukua kituo cha pili cha makontena kwa muda kama huo. Hao wana wahandisi wao na mitaji yao, na hawasubiri ushauri wa gazeti. Ninaowaandikia ni wa nje ya geti: wenye bandari kavu ndogo, maghala ya Kurasini na Chang'ombe, stoo za Gerezani, waagizaji wa vigae, matairi, karatasi na nondo. Hawa hununua foklifti moja au mbili, kwa fedha zao, na wakikosea hakuna wa kuwafidia.

Shaba na makatoni

Tuchukue shaba, kwa sababu hakuna mzigo unaoonyesha jambo hili vizuri zaidi. Shaba ya Zambia na ya Kongo inashuka kwa malori na kwa reli hadi Dar es Salaam, ikiwa katika mabamba yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, kila furushi likikaribia tani 2 au kuzidi kidogo. Kontena la futi 20 hupokea mafurushi kumi na kitu tu, maana uzito hufika kikomo wakati nafasi bado ipo tele. Hakuna kuli anayebeba furushi hilo. Kila moja linaingizwa na foklifti, siku nzima, kontena baada ya kontena, mwendo ni mfupi, sakafu ni ya zege, na mzigo haunyanyuliwi juu. Ukimwomba mhandisi akueleze kazi inayoifaa foklifti ya umeme, atakueleza hii. Mota ya umeme ina nguvu yake yote tangu inapoanza kuzunguka, na dereva akisimama kusubiri lori linalofuata, haitumii karibu chochote. Dizeli ikisubiri, inaendelea kunguruma na kunywa. Sehemu ya shaba hiyo inakwenda kuzungushwa ndani ya mota kama hizo huko ughaibuni, wakati walioipakia wanavuta moshi. Jambo hilo linaniuma.

Soko la Kariakoo ni habari tofauti. Kontena la mzigo wa kuchangia kutoka Guangzhou hufika likiwa limejazwa makatoni kutoka sakafuni hadi darini, bila paleti hata moja, kwa sababu kila mwenye mzigo amelipia nafasi na paleti inakula nafasi. Mbele ya mzigo huo foklifti, iwe ya umeme au ya dizeli, haina kazi. Makuli ndio wanaopakua, guta na pikapu ndogo za Kirikuu ndizo zinazosambaza Mtaa wa Kongo, Msimbazi, Swahili na Aggrey. Kuingiza katika msongamano ule mashine yenye uzito wake wa zaidi ya tani 4, inayogeuka kwa magurudumu ya nyuma na kufagia mkia wake pembeni, ni kutafuta msiba. Mwenye stoo ya chini Kariakoo anachohitaji ni toroli la kunyanyulia paleti, au kama ana rafu, stakeri ndogo ya betri ambayo mtu huiongoza akitembea nyuma yake. Inachajiwa kwenye soketi ya kawaida ya ukutani. Hapo hakuna haja ya kuumiza kichwa kuhusu dizeli, maana kuwasha injini ndani ya jengo la ghorofa lenye mamia ya watu juu yake ni jambo lisilofaa kufanywa kabisa.

Hesabu ya saa moja

Turudi kwa foklifti kamili ya tani 3. Ya dizeli, kwa kazi ya wastani, hunywa kama lita 3 kwa saa. EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo kila msomaji aweke bei ya siku yake; mimi niweke shilingi 2,800 kwa lita. Saa moja ni shilingi 8,400. Ya umeme, kwa kazi ile ile, huchukua kutoka ukutani kama uniti 8, nikiwa nimeshahesabu kile kinachopotea kwenye chaja. Kwa bei ya msingi ya shilingi 292 kwa uniti kwa mteja wa biashara ya kawaida, ni shilingi 2,336. Ukiongeza VAT na tozo, bado hufiki 3,000. Saa nzima ya kazi ya umeme inagharimu takribani lita moja ya dizeli.

Mashine ikifanya kazi saa 6 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, tofauti hiyo inazidi shilingi milioni 10 kwa mwaka, kabla hujagusa oili ya injini na filta zake, rejeta na feni yake, na pampu ya dizeli, vitu ambavyo ya umeme haina. Bado ina minyororo ya mlingoti, mipira ya haidroliki, breki na matairi. Asikudanganye muuzaji kwamba haihitaji fundi. Ila hesabu hiyo hiyo inageuka kwa mtu mwenye foklifti inayoamka saa moja tu kwa siku kushusha lori. Kwake tofauti haifiki hata milioni 2 kwa mwaka, na bei kubwa ya kununua foklifti mpya ya umeme itachukua miaka mingi kurudi. Kama uwanja wake uko wazi, abaki na dizeli yake bila kuona haya.

Na umeme ukikatika? Wasiwasi huu una mizizi. Watu hawajasahau mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, majenereta yakinguruma Kariakoo nzima. Tangu hapo Bwawa la Julius Nyerere limeanza kuzalisha, mtambo wa kwanza mwanzoni mwa 2024 na mitambo yote tisa kukamilika 2025, jumla megawati 2,115. Treni ya umeme inaondoka Dar es Salaam kwenda Dodoma tangu katikati ya 2024, na stesheni yake haiko mbali na Kariakoo kwa miguu. Nchi iliyokabidhi reli yake mpya kwa umeme haiwezi kuliona toroli la ghalani kuwa jambo kubwa mno. Kinachobaki ni matatizo ya mtaa: transfoma inayozidiwa, waya unaoanguka wakati wa mvua. Hapo betri yenyewe inasaidia, kwa sababu foklifti iliyochajiwa usiku haijali umeme ukikatika saa nne asubuhi. Umeme ukitoweka siku mbili mfululizo utakwama, na kwa ghala lisiloweza kukwama ni busara kubakiza foklifti moja ya injini kama akiba, ikae nje.

Betri na joto la pwani

Ugumu halisi wa foklifti ya umeme katika mji huu uko kwenye betri, na hapa ndipo wengi huumizwa. Betri ya zamani, ya risasi na asidi, ina uzito unaofika tani moja au zaidi, na uzito huo ni sehemu ya kinachoizuia mashine isipinduke mbele. Desturi yake ni saa 8 za kazi, saa 8 za kuchaji, saa 8 za kupoa. Ukiitunza, inakupa takribani mizunguko 1,500 ya kuchaji, kama miaka mitano ya zamu moja kwa siku. Haitaki kushushwa chini ya asilimia 20. Inataka maji safi yaliyokenekwa, yanayoongezwa baada ya kuchaji, si kabla, na yasiwe ya bombani. Ikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka, hivyo chumba cha chaja lazima kiwe na hewa inayopita na asiwepo mtu wa kuvuta sigara wala fundi wa kuchomelea jirani. Na inachukia joto. Kipimo cha viwandani ni nyuzi 25. Kila nyuzi 8 hadi 10 zinazozidi hapo hupunguza umri wake kwa karibu nusu. Desemba hadi Machi ghala la bati Kurasini linazidi hapo kila siku. Betri ya miaka mitano Ulaya haitafika miaka mitano hapa kama inachajiwa chini ya bati mchana.

Lithiamu imebadilisha sehemu kubwa ya habari hii. Haitaki maji, haitoi gesi inapochajiwa, inaweza kuchomekwa wakati wa chakula cha mchana ikapata nguvu ya kumalizia jioni, na aina inayotumika sana kwenye foklifti, ya chuma na fosfati, hupita mizunguko 3,000. Haina hata kobalti, ile inayochimbwa Kolwezi, Kongo, na kupita katika bandari hii hii ndani ya mifuko mikubwa. Ni ghali zaidi siku ya kununua. Kwa ghala linalofanya kazi zamu mbili, na Kariakoo iliyoanza 2025 kufanya biashara saa 24 inazidi kuwaletea wenye maghala usiku mrefu, ningechagua lithiamu bila kusita, kwa sababu betri ya asidi ya zamu mbili ina maana ya kununua betri mbili na winchi ya kuzibadilishia.

Sasa mtumba. Foklifti ya umeme iliyotumika Japani inaweza kuonekana mpya kabisa, rangi inang'aa, mlingoti haujachubuka, bei ya kuvutia. Mwenzetu wa kule mara nyingi ameiuza kwa sababu betri imekaribia kwisha, na betri mpya ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya thamani ya mashine. Mita ya saa haikwambii hilo. Mnunuzi aende na fundi mwenye haidromita apime kila seli. Betri ya volti 48 ina seli 24, na seli iliyojaa vizuri inasoma karibu 1.28. Seli mbili tatu zikiwa chini sana ya wenzake, hiyo si betri, ni chuma chakavu. Kisha kuna mtego ambao sijamwona muuzaji akiutaja: foklifti za Japani nyingi huja na chaja ya ndani iliyotengenezwa kwa fezi tatu za volti 200, wakati fezi tatu zetu ni volti 400. Ukiichomeka hivi hivi utaunguza chaja siku ya kwanza. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme au chaja nyingine, na gharama hiyo iingizwe kwenye bei kabla ya kupeana mkono.

Nje ya paa, dizeli bado ina haki yake. Uwanja wa changarawe, matope ya masika, mteremko mrefu, kazi ya saa 12 bila kupumzika, nondo na mabomba mazito vinavyobebwa na foklifti ya tani 10: huko ningeiacha. Mashine zile kubwa za kunyanyua makontena yaliyojaa, zenye uwezo wa tani 45, zimeanza kutengenezwa za umeme na kampuni kama Kalmar na SANY, lakini huo ni uamuzi wa wenye vituo vikubwa. Wapo wanaosema suluhisho la katikati ni gesi, hasa kwa kuwa gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay inafika mjini kwa bomba na bajaji nyingi za Dar zimeshabadilishwa kuitumia. Kwa foklifti ya petroli inayofanya kazi uwanjani ni wazo zuri. Ndani ya ghala silikubali. Injini ya gesi haitoi masizi mengi, lakini ikikosa marekebisho hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, na mtu huanguka kabla hajajua kwamba anaumwa.

Foklifti ya umeme nayo ina hatari yake: haisikiki. Kuli aliyezoea kunguruma kwa dizeli hatageuka inapomjia kutoka nyuma. Kwa hiyo honi kila kona, taa ya bluu inayomulika sakafuni mbele ya mashine, na mstari wa rangi unaotenganisha njia ya mashine na ya watu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inampa mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa wafanyakazi wake, na wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, wana mamlaka ya kuuliza. Dereva apelekwe Chuo cha Bandari kule Temeke au chuo kingine kinachotoa cheti, na apelekwe upya hata kama ameendesha dizeli miaka 20, maana breki ya mota, uzito wa betri na namna ya kuchaji ni mambo ambayo hakuyakuta.

Limebaki la betri iliyokufa, na hili tunalo fundisho jirani. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za risasi kilifanya kazi kando ya nyumba za watu tangu 2007 hadi kilipofungwa 2014. Watoto wakaugua kwa sumu ya risasi. Phyllis Omido, ambaye mtoto wake aliugua naye akaanza kupiga kelele, alipata Tuzo ya Goldman ya mazingira 2015. Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Fidia hiyo ikatenguliwa kwenye rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Betri moja ya foklifti ina risasi nyingi kuliko betri za magari kadhaa. Dar es Salaam ikihamia umeme na betri hizo zikaishia kwa wayeyushaji wa uani, tutakuwa tumeutoa moshi kwenye mapafu ya makuli tukaupeleka kwenye damu ya watoto wao. Mnunuzi, kabla ya kusaini, amtake muuzaji aandike kwenye mkataba kwamba ataichukua betri ikifika mwisho, na amwonyeshe kibali cha baraza la mazingira la taifa, NEMC, cha huyo atakayeipokea. Asiye na kibali hicho asiuziwe betri, hata akitoa bei nzuri kwa kilo.